Kitabu Kilichobaki Kalerwe

Jumatatu, 1 Septemba 1975

Nafuta ukungu kwenye vitabu tangu nitoke kufundisha. Kitambaa kikavu, jua kidogo dirishani, kisha rafuni. Thelathini na viwili, na kimoja kwa fundi. Walimu wenzangu wananunua vitenge, mimi nanunua vitabu vikuukuu vya picha za miji: Mombasa, Zanzibar, Khartoum, Bombay, jinsi ilivyochorwa Wazungu walipokuwa mabwana. Vingi niliuziwa na Wahindi walipofukuzwa, wakiwa wanafungasha. Mdogo wangu Juma anasema nafuga mende. Yeye afuge bunduki yake, aniache.

Kile kikubwa cha Kampala kiko Kalerwe kwa Ssalongo, mzee anayejalidi vitabu nyuma ya wauza nyanya. Mgongo ulikuwa umeachia. Alisema, "Alhamisi itakuwa tayali, Mwalimu." Hajawahi kunidanganya siku.

Sukari bado hakuna.

Jumatano, 3 Septemba

Hesabu, darasa la tano, chaki mkononi. Ndipo nilipokumbuka.

Kila picha katika vitabu hivi imefunikwa na karatasi laini ya kuilinda, nyembamba hata picha inaonekana chini yake. Nina mchezo wangu. Nakwenda pale aliposimama mchoraji wa zamani, na juu ya karatasi ile nachora kwa penseli kilichopo leo. Mji wa kale chini, wa sasa juu. Mwaka jana nilimpelekea Juma chakula kambini Makindye. Ni sajini pale. Wakati wa kurudi nikaketi mteremkoni nikachora, ndani ya kile cha Kampala. Ukuta. Lango. Tangi la maji. Nyumba za askari, safu kwa safu. Nikaandika na tarehe na saa, maana ualimu umeniharibu.

Ukurasa wa kwanza una jina langu na la shule.

Watu wamechukuliwa kwa kupiga picha daraja. Mimi nimechora kambi ya jeshi, nikampa mtu akae nayo wiki nzima kwenye duka lililo wazi.

Niliwaambia watoto wasome kimya. 

Alhamisi, 4 Septemba

Kalerwe, saa kumi. Duka la Ssalongo limefungwa. Muuza nyanya wa jirani hakuinua hata macho. "Walikuja na gali jana, wakamubeba. Usisimame hapo, Mama."

Nikanunua nyanya nisizozitaka, ili nionekane nilisimama kwa ajili ya nyanya. Nimerudi nyumbani Ntinda kwa miguu. Niliogopa kukaa karibu na watu ndani ya basi.

Ni kitabu changu kilichomponza. Hakuna kingine. Mzee wa watu, kosa lake ni uzi na gundi.

Ijumaa, 5 Septemba

Juma alikuja baada ya sala. Nikamwambia yote. Jitu zima lile likaketi sakafuni.

"Dada, umechora kambi? Na saa umeandika?"

Kisha: "Choma yote. Wakikushika wewe jioni, mimi asubuhi."

Hakumaliza chai. Alitokea mlango wa nyuma. Nilidhani ndugu askari ni ukuta wa kuegemea. Kumbe anaogopa kuliko mimi.

Jumamosi, 6 Septemba

Nilibandika maharage mchana, moshi upate kisingizio. Nikachana, nikatia kwenye sigiri kidogokidogo. Karatasi za zamani haziungui upesi. Gundi inanuka kama kwato. Jirani akauliza ng'ambo ya ua napika nini leo. Nikasema mguu wa ng'ombe. Akacheka, akasema nimekuwa tajiri.

Cha Khartoum nilikiacha mwisho. Babu yangu alitoka kule na jeshi la Waingereza, akafia Bombo, na mji wake sijauona isipokuwa mle. Picha ya mto, wanawake na mitungi. Nikaitazama. Nikaitia.

Maharage yameungua pia.

Daftari hili limepona kwa sababu nililisahau chini ya mto wa kitandani. Nilichome? Sina mwingine wa kumwambia. Nimelizika kwenye debe la unga wa muhogo.

Jumatatu, 8 Septemba

Gari limesimama langoni mwa shule. Watu wawili, miwani ya jua, mashati ya maua, kama wale wanaochukua watu. Nilikuwa nafundisha sehemu. Nikaandika nusu ya nane ubaoni na sikuweza kuendelea. Nilijikojolea. Kidogo, lakini nilijikojolea, mwanamke wa miaka arobaini na sita.

Walikuja kwa mwalimu mkuu kutaka watoto wa kuimba kwenye sherehe. Wakaondoka. Nilikaa kitini mpaka darasa likatoka, sketi ikauka.

Jumatano, 10 Septemba

Wiki moja sasa Ssalongo yuko mikononi mwao. Leo niliamka na ujasiri. Nikaoga, nikavaa gomesi, lile gauni langu la harusi, nikawa naenda kuwaambia waliomchukua: kitabu ni changu, mzee mwacheni. Nilifika barabara kubwa. Nikageuka. Nikanunua mkaa, kana kwamba nilitoka kwa ajili ya mkaa.

Hatanitaja? Hajanitaja bado, la sivyo wangekuwa wameshafika. Anapigwa na hanitaji. 

Jumapili, 14 Septemba

Mkewe, Nnalongo, amekuja. Nilimwona dirishani na furushi kichwani, nikataka kujificha. Akapiga hodi kwa adabu mpaka nikaona haya, nikafungua.

Ndani ya furushi, kitabu changu.

"Ssalongo anasema siku zote, kitabu ya mutu irudi kwa mutu." Waliomchukua hawakukigusa. Hawakutafuta kitabu chochote. Walikuja kwa sababu mtu wao mmoja alitaka ngozi ya bure ya kushonea viatu, na mzee akasema ngozi ni ya wateja. Basi. Ngozi.

Nikafungua ukurasa wa Makindye. Karatasi nyeupe, mpya, haina alama. Nikauliza ile ya zamani. Akanishangaa. Ssalongo huzitoa zote siku ya kwanza anapofumua kitabu, kwa sababu zikizeeka zinatia picha madoa. Huwashia nazo moto wa chai.

Mchoro wangu uliungua kabla hata sijaukumbuka. Vitabu thelathini na viwili nimechoma bure. Nililia, Nnalongo akanishika mkono, akidhani namlilia mumewe.

Kisha akasema lililomleta. "Mwalimu, una ndugu jeshini. Mumuulize tu kama ako hai."

Nikasema nitamwuliza.

Jumanne, 16 Septemba

Juma alipita. Nilimpa chakula, nikamwambia yamekwisha, karatasi haipo. Alicheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Akala sahani mbili.

Sikumwuliza habari za Ssalongo. Jina lilifika kwenye ulimi. Nikamwongezea mchuzi.

Alhamisi, 18 Septemba

Nnalongo amerudi. Nimemwambia kwamba Juma ameuliza kila mahali, kwa wakubwa wake wote, na hakupata jibu. Nilisema bila kutikisika. Alipiga magoti kunishukuru, mimi mdogo kwake kwa miaka mingi. Nilimwinua.

Jumamosi, 20 Septemba

Mvua asubuhi. Nnalongo ametuma mkungu wa matoke kutoka shambani kwake, asante kwa Mwalimu na kwa ndugu yake.

Nimeyamenya. Nimeyafunga kwenye majani, nikayapika taratibu mpaka yakaiva vizuri. Nimeyala.