Tundu la Mrija

Jumanne, 4 Juni

Mama,

Shikamoo. Goti lako laendeleaje? Mimi mwili upo, roho imeniruka.

Leo niliwapa watoto wangu wa chekechea mirija wapulize mapovu ya sabuni, tutafute rangi. Walifurahi we! "Mwalimu, langu lina kijani!" "Langu zambarau!" Yule mdogo wao, ambaye tangu aje hajaniambia neno, akanivuta sketi anionyeshe lake. Nikasema subiri, nikamgeukia mwingine. Kumbe badala ya kupuliza, akavuta. Akapaliwa. Nilipomwinua midomo ilikuwa zambarau, rangi niliyotoka kuwafundisha.

Amelazwa, anapumua kwa mashine. Mama, mirija sikuitoboa. Miaka yote ya ualimu wako nimekuona ukiitoboa kwa sindano, kila mmoja tundu lake juu, ili mtoto akivuta apate hewa tu. Nikadhani ni mambo yako ya kizamani. Naogopa hata kulitaja jina lake. Akifa je?

Mwanao

Alhamisi, 6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti liache, halijaua mtu. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikashindwa kukaa.

Usijifungie ndani. Nenda hospitali, umwambie mama wa mtoto habari ya tundu kabla hajaambiwa na mwingine. Atakutukana. Kaa utukanwe.

Unadhani kutoboa mirija nilifundishwa chuoni? Nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu, akavuta povu mbele ya macho yangu. Nilimkimbiza hospitali pekupeku. Toka siku hiyo sindano haitoki mkobani mwangu. Sikukuambia kwa aibu, maana mtoto mwenyewe ni wewe. Ningekuambia, ungetoboa.

Nami naogopa. Niandikie hata neno moja.

Mama yako

Jumatano, 12 Juni

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kukaa kimya, kalamu ilikuwa haishikiki.

Nilimwambia. Alinitukana mpaka mlinzi akanitoa nje. Kesho yake nikarudi, na kesho yake tena, nakaa kwenye benchi la nje. Jana akatoka mwenyewe, akasema, "Ingia. Anakuulizia."

Mashine wameitoa. Sauti yake inakwaruza, lakini ni sauti, mama. Akaniambia, "Mwalimu, hukuliangalia langu. Lilikuwa na dhahabu."

Nimelia mbele ya watu. Daktari anasema atapona, nami bado nikifumba macho naiona ile midomo.

Mkuu wa shule ameniruhusu kurudi Jumatatu. Nitumie ile sindano yako.

Mwanao