Hukumgonga Mtu, Najua

Deo mwanangu, mzaliwa wangu wa kwanza,

Simu zangu hupokei, na dada yako Vicky ameniambia namba yangu umeifungia. Sawa. Basi naandika hapa mbele za watu. Dada yako ataipiga picha barua hii na kuirusha kwenye makundi ya madereva, huenda mmoja wao akakusomea mkiwa mnasubiri kuvuka mpaka pale Tarakea. Wacheke wakitaka. Niliishia la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu aliuzungusha darasa zima ili wenzangu waone herufi zinavyoandikwa. Sioni aibu.

Unakumbuka ulivyopata leseni? Nilipika mtori sufuria ile kubwa, mbege ikamwagika mpaka kuku wakalewa. Jumapili nikakutembeza kanisani kama bwana harusi. Mama Neema akanitania, "Leseni tu hiyo, jirani, siyo upadri." Nikamjibu, "Kwani padri hahitaji dereva?" Ukainama kwa aibu, huku unacheka.

Na ulipokabidhiwa kile kipanya cha kushusha watoto wetu shuleni, mbona nilijiona nimezaa waziri! Ulijua nani anatapika kwenye kona, nani hajanywa chai. Uliwafunga kamba za viatu. Wakakuita Anko Deo, nami nikaitwa bibi na Marangu nzima. Nayasema haya ili kila anayesoma ajue: nimezaa mtu mwema, tena mwema kuliko wengi, na sitaki yeyote aje kunibishia.

Halafu ikaja asubuhi ile uliponipa lifti na mkungu wangu wa ndizi. Tulipolipita kanisa, pale barabara inapoanza kuinama, gari likanyamaza.

"Deo, gari limezimika!"

"Nimelizima mwenyewe, mama. Mteremko wote huu, mafuta ya nini?"

"Washa."

"Tulia bwana. Kila siku tunashuka hivi."

Watoto nyuma wakaanza kupiga makofi: "Anko, paa! Anko, paa!" Neema alikuwa amesimama mbele, mikono kwenye kioo, anacheka. Migomba ilikuwa inapita dirishani kama inakimbizwa. Kwenye kona ya mfereji nikautazama mguu wako juu ya breki. Mdomo wako ulikuwa unacheka, Deo. Mguu ulikuwa unatetemeka.

Tulifika. Wote walishuka wazima na mabegi yao. Neema akanicheka, "Bibi umeogopa!"

Nilikuomba jioni ile. Nikakuomba tena tukitoka misani. Ukanishika bega kama unambembeleza mtoto, ukasema, "Nimemgonga nani, mama? Nitajie jina."

Sikuwa na jina. Nikaenda kwa wazazi wa wale watoto, nikaenda kwa ukoo, nikakushtaki.

Kikao kilikaa uani kwetu, karibu na kichanja cha kahawa. Baba yako mkubwa akaniuliza, "Mama Deo, aliyeumia yuko wapi?"

"Hayupo."

"Sasa tumwadhibu kwa lipi? Kwa wasiwasi wako?"

"Mnasubiri nilete jeneza ndipo mkae kikao?"

Mama Neema ndiye aliyesema, na sauti yake ilikuwa ndogo: "Mwanangu ndiye anayekaa mbele. Mnyang'anyeni ufunguo." Mwenye gari alikuwa hapo hapo. Akanyoosha mkono.

Ukatoa ufunguo. Ukaenda kwenye uzio, ukavunja isale, jani lile ambalo sisi tunampelekea tuliyemkosea, na akiliona hawezi kukataa. Ukapita nalo mbele ya kila mmoja. "Nimpelekee nani? Wewe? Au wewe? Nionyesheni niliyemkosea, nipige magoti sasa hivi." Ukaliweka mapajani pangu, ukaingia ndani kuchukua nguo zako.

Tangu hapo sokoni wananong'ona juu yangu: huyo ndiye mama aliyemfukuza mwanawe kwa ajali ambayo haikutokea. Na mimi, mwenye mdomo wote huu unaoujua, nakusanya ndizi zangu narudi nyumbani. Ungeanguka, wangesema mama yake alionya. Hukuanguka. Sasa nani atanihakikishia kwamba ungeanguka? Labda ungeshuka hivyo hivyo mpaka uzeeke, usimguse hata kuku. Labda nimekupoteza bure. Neema anapita kila asubuhi na dereva mwingine, ananipungia mkono, namwangalia, najiambia: huyo hapo, mzima. Lakini hata siku zile zako alikuwa mzima. Inanila, mwanangu. Inanila mpaka chakula kinanishinda.

Na si hilo tu. Nasikia unaendesha lori la mahindi, unapanda na kushuka milima ya Rombo. Nilipoambiwa, jembe lilinitoka mkononi. Kumbe nilikunyang'anya watoto tu, tabia umeondoka nayo. Nilitaka uadhibiwe ili uache, si ili uende kushuka hivyo mahali nisipoweza kukuona. Siku hizi lori likipita barabarani nasimama katikati ya kihamba, shamba letu hili la nyumbani, nategea sikio. Likiunguruma, napumua. Likipita kimya, nashika mgomba.

Krismasi inakaribia. Wenzako watapanda kutoka Dar na Arusha, watauliza uko wapi. Mbuzi nimemnenepesha, hakuna wa kufanana naye kuanzia kwetu mpaka barabara kuu. Lakini hata usipokuja, nisikilize neno moja.

Leo nimekwenda kwenye uzio, nimevunja isale bichi. Vicky atalipiga picha pamoja na barua hii. Si la kuomba msamaha kwa kukushtaki. Hilo ningelirudia kesho asubuhi, nikilia kama nilivyolia. Mzazi kumpelekea mwanawe isale, najua wazee watashangaa. Washangae. Unalijua jani hili, halikataliwi. Basi usinipokelee simu. Usinisamehe. Useme mama yako ni mchawi, nitavumilia. Ila ukifika kwenye mteremko, acha injini iwake, Deo. Shuka na gia.

Nakuachia hapo, mikono yangu ina udongo na karatasi imeanza kuchafuka.

Mimi mama yako,
Mama Deo, ambaye hajajifunza kuitwa kwa jina lingine.