Nani Atamnyanyua Malkia

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka. Maumivu ya chini ya mbavu yamenikesha tena. Leo nimeonana na daktari wa upasuaji — kijana, ningeweza kumzaa. Kanichorea tumbo kwenye karatasi. Matundu manne madogo, kamera inaingia, kifuko cha nyongo kinatolewa pamoja na mawe yake. Kesho yake nyumbani. Nikamwambia hata hiyo siku moja nyingi, mimi si mtu wa vitandani.

Kauliza kazi yangu. Nikasema namlea binti yangu, Malkia wangu, hajatembea tangu azaliwe, lakini muone anavyosuka nywele! Wanawake wa mtaa mzima wanapanga foleni sebuleni kwangu. Nikasifu mpaka nesi akachungulia.

Ndipo daktari akaweka kalamu chini. "Nani anamnyanyua, mama?"

Mimi. Kitandani hadi kitini, kitini hadi bafuni. Mkono wa mtu mwingine haujamgusa. Nilisema kwa majivuno.

Akasema nikishapasuliwa, wiki sita nisinyanyue kitu kizito kuliko nusu ndoo ya maji. Si ulisema matundu madogo? Nje madogo, kasema, ndani ni kidonda. Nikijikaza, utumbo utachomoza pale pale. Nitafute mtu kwanza, ndipo anipangie siku.

Jumatano, 6 Machi
Sijamwambia mtu. Malkia kaniona nimeshika ubavu. "Mama, unanibeba mimi na siri juu?" Ulimi wembe. Kanirithi. Nikamweleza yote. Kasema aitwe shangazi yake. Wifi yangu — yule hata sufuria humponyoka.

Jumamosi, 9 Machi
Wifi kaja. Nimemwonyesha: piga goti, pitisha mikono chini ya kwapa, yeye akukumbatie shingoni, ndipo uinuke kwa miguu, si kwa mgongo. Mara ya kwanza nusura waanguke wote.

"Wifi, huyo si gunia."

"Gunia lingenyamaza," kajibu.

Malkia kacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nikaenda jikoni. Sikuwa na kazi jikoni.

Jumatatu, 11 Machi
Nimerudi kwa daktari. Nimempata mtu, nikamwambia, ana nguvu, nimemfundisha mwenyewe. Kanipa keshokutwa. Kauliza kama kuna jambo jingine linanitisha. Nikasema hakuna. Nilitaka kumuuliza — huyo mtoto akimzoea wifi, mimi je? Lakini hilo si la daktari.

Jumatano, 13 Machi
Asubuhi. Sijala, kama walivyoagiza. Begi liko mkononi mwa kaka yangu, gari linanguruma nje.

Malkia kaamka. Kaita, "Shangazi, nitoe nimuage mama." Shangazi. Mimi niko hapa hapa ukumbini, hatua chache tu.

Wifi kaingia. Nimejikalisha, naandika ili mikono ipate kazi. Kaka kasema twende. Ngoja, nimemwambia.

Kitanda kimelia. Wifi kaguna. Malkia kasema kitu, sikukisikia. Hawajatoka. Nimeshainuka, kalamu bado mkononi —