Chakula cha Siku Mbili

Kalemie, siku ya Ijumaa

Mama yangu mupenzi Kulthumu,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Goti yako iliamka namna gani? Ramazani bado anaikanda na mafuta ya mawese, ao kaka yangu amekwisha kuchoka? Mi niko muzima. Bwana yangu Fadhili pia iko muzima, anatuma heshima kwa mukwe wake.

Mama, ulinipatisha haya kwenye kiwanja cha ndege cha Baraka, na leo nacheka. Nilikuambia mara ngapi kama ndege si mashua? Lakini uliamka mbele ya azana, ukapika sombe ya majani ya muhogo, ukasonga bugali, ukakaanga samaki ndogo za ndakala, chakula cha siku mbili, vile bamama banafungia muntu wa kuvuka ziwa. Tena ile ndege ni ndogo, banapima muntu pamoja na muzigo yake. Kilo zangu zikapita kipimo. Mwenye mizani akaomba niache kitu, na wewe ukamujibu kama chakula hakibaki. Ukafungua sanduku yangu mbele ya bantu, ukatoa vitenge vyote na viatu. Mi nilikasirika, nisikufiche.

Basi tuliruka. Niliona bati la nyumba yetu, kisha ziwa kwa mukono wa kushoto. Nilianza kusoma dua, na kabla woga haujaisha, piloti akasema tunashuka. Hata saa moja haikutimia. Fadhili ananiambia ni kilometa kama mia mbili tu. Nyumbani nikafunua sufuria, mvuke ukanipiga usoni. Sombe ilikuwa ingali moto, Mama. Moto wa mafiga yako, juu ya meza yangu.

Nikalia. Nilikumbuka mama mukubwa Mwamini, vile alifia huku Kalemie. Balikuita ukiwa Baraka, ukapanda mashua na upepo mukali, siku mbili majini, ukakuta dada yako amekwisha kuzikwa. Tangu pale, ukisikia Kalemie unajibu neno moja: "Kule ni mbali. Mi nafika, bantu bamekwisha kumaliza." Njo maana hujakanyaga nyumba yangu tangu harusi.

Sasa, kwenye simu ningelia, njo maana naandika. Zile kilo hazikuwa za sombe tu. Niko na mimba, Mama. Ile ya kwanza ilipotoka nilikuona vile ulilia, nikaogopa kukuliza tena. Ulipokuwa unatoa vitenge kwenye sanduku, nilikuwa nasema moyoni, huyu mama atanivua na hiki nilichojifunga kuficha tumbo. Daktari anasema mutoto iko muzima, na mi mwenyewe namusikia anacheza.

Fadhili amekwisha kukukatia tikiti ya ndege, ufike mwezi mbele ya kuzaa. Usiogope, Mama. Safari hii utafika wa kwanza, mbele ya bantu bote.

Salimia Ramazani, na bamama ba jirani bote, basikose kukuombea njia.

Vitenge vyangu uvilete, nitamubeba navyo mutoto. Lakini mizani ikikataa, viache. Sombe isibaki.

Mutoto wako anayekupenda,
Sumaya