Ringi za Kumpeleka Rashidah Mbale

Jumapili, 9 Novemba 2025

Naandika Kiswahili makusudi. Nusifa, mke wangu, anakisema vizuri sokoni lakini kukisoma anachoka mstari wa pili. Siri zangu ziko salama.

Leo gari langu limependeza mpaka nimeona haya kulipanda na kandambili. Jumamosi hii Rashidah wetu anaolewa. Upande wa bwana harusi walitaka kukodi gari kubwa jeusi limchukue hapa Jinja hadi Mbale. Nilikataa mbele ya wazee wote. Miaka yote hii nimebeba mabibi harusi wa watu – wangu abebwe na dereva nisiyemjua? Atatoka hapa kwetu Walukuba ndani ya Premio ya baba yake, na baba yake akiwa kwenye usukani. Basi.

Jamil, huyo bwana harusi, hakubisha. Alisema tu, "Kale, sawa, Baba. Lakini mimi naleta ringi." Na leo ameleta kweli, kutoka dukani kwake Mbale, mtaa wa Industrial, anakouza spea. Ringi za inchi kumi na saba, zinang'aa, na tairi zimeshavishwa. Zangu zilikuwa za kumi na tano, chuma cheusi. Anasema amechagua tairi nene ili mashimo ya barabarani yasinisumbue. Kijana ana adabu!

Nimezunguka Nalufenya bila abiria. Kuzunguka tu. Wenzangu wa steji ya teksi wameacha karata kuja kutazama, na wale hawaachi karata kwa lolote.

Jumanne, 11 Novemba

Mmoja wa steji anasema gari limeinuka, limekuwa kama pikapu. Wivu.

Jambo moja tu: simu inaonyesha nakwenda kasi kuliko mshale wa spidi unavyosema. Nadhani simu ni mbovu.

Jumatano, 12 Novemba

Masenga, shangazi zake Rashidah, wameingia kutoka Kamuli – dada yangu mkubwa Nabirye na wadogo zake wawili. Bila ssenga bibi harusi hatoki nyumbani, kwa hiyo hao watatu ndio watakaokaa na Rashidah garini. Na dada zangu si watu wembamba. Nimewapokea kwenye paki ya mabasi, na magunia yao, buti ikajaa pomoni.

Tuta la kwanza – kwaruuu. Kona ya kuingia Walukuba, tena. Harufu ya mpira ulioungua. Nabirye akauliza, "Mutwalibu, gari yako inalia nini?" Nikasema ni breki mpya. Akasema alishapanda magari yenye breki mpya na hayakunuka.

Nilipowashusha nikainama kuangalia. Bega la tairi limechunwa. Plastiki ya ndani ya madigadi imetafunwa. Gari likiwa tupu halikusema kitu. Likipakia watu linaketi juu ya tairi zake. Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani. Tuseme dada zangu.

Alhamisi, 13 Novemba

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Utamrudishiaje mkwe zawadi siku mbili kabla ya nikaha? Ni kumwambia hajui kazi yake, na ukoo wake wote utasikia. Ningekwenda polepole. Kwenye matuta ningetambaa.

Rashidah akanikuta nimechuchumaa kwenye gurudumu. Yeye ni fundi cherehani. Akaleta futi yake ya kushonea, akaizungusha kwenye tairi ya zamani iliyoko stoo, kisha kwenye mpya. Mpya imezidi kwa upana wa kiganja changu kizima! Ndipo tukasoma maandishi ya ubavuni, yeye kwenye simu akitafuta maana. Ya zamani: 195/65 R15. Mpya: 215/55 R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu – asilimia ngapi ya huo upana. Iliyo baada ya R ni ringi. Ringi ikikua, ubavu lazima upungue zaidi, ili gurudumu zima libaki na kimo kilekile. Jamil alituchagulia unene kwa huruma, na huruma yake ndiyo inayokwaruza madigadi. Na simu haikuwa mbovu: gurudumu refu linakwenda mbali kuliko mshale unavyojua.

Nikamweleza habari ya zawadi na ukoo. Akasema, "Baba, mimi ndiyo nitakaa ndani. Mimi na masenga." Akampigia Jamil palepale. Nikatoka nje kwa heshima. Nikasimama chini ya dirisha kwa sababu nyingine.

Hakupamba, hakulia, hakuomba radhi. Alimwambia: tairi zinagusa mwili wa gari. Leta zenye kimo cha zile za zamani, na zinazobeba uzito uleule. Kisha nikamsikia Rashidah akisema sawa, kesho, lakini usije hapa nyumbani, watakucheka.

Huyo ni wangu. Nimemlea mimi. Nusifa atasema amemlea yeye – aandike shajara yake.

Ijumaa, 14 Novemba

Niko kwenye benchi la fundi wa tairi, Nalufenya. Naandika sasa hivi kwa sababu nikisubiri jioni nitajisifu kuliko ilivyokuwa.

Jamil amekuja baada ya swala ya Ijumaa, pamoja na Magid, baba yake mdogo, msemaji wa ukoo wao. Wameleta tairi nyingine: 215/45 R17. Futi ya Rashidah, niliyokuja nayo, ikazunguka. Imepungua vidole viwili tu kuliko ya zamani, kimo safi kabisa. Nikafurahi. Fundi akazivisha, akazifunga. Nikainama kusoma kile kinamba kidogo kinachofuata saizi, cha uzito. Zangu za zamani, tulizosoma jana, zinasema 91. Hizi, 87. Simu inasema maana yake kila tairi inabeba kilo sabini pungufu. Nikawaona dada zangu, nikaiona buti, nikaiona barabara ya Tirinyi ya kwenda Mbale na jua lake la mchana.

Nikasema hapana. Mara ya pili tairi zake zinakataliwa, na sasa mbele ya watu.

Magid akawaka. Eti hizo namba ni maneno ya kuuzia, Mbale wanatembelea hizohizo kila siku. Eti namdharau kijana kabla hajaoa. Eti gari la kukodi halikunifaa, zawadi hainifai, labda na wao hawanifai. Nikaweka mkono kifuani, nikamwita bwana Magid, nikarudia: hapana. Niliogopa, nisijidanganye. Niliona harusi ya mwanangu inavunjikia kwenye duka la tairi. Lakini nilirudia.

Jamil akachuchumaa, kanzu nyeupe ikigusa vumbi, akakisoma kile kinamba kwa kidole. Akaniuliza ssenga mkubwa ana kilo ngapi. Nikamwambia hakuna aliyewahi kumuuliza akabaki mzima. Hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa midomo: mimi dereva, Rashidah, masenga, mizigo. Kisha akavua saa, akakunja mikono ya kanzu, akamwomba fundi spana.

"Baba, zile za chuma ziko wapi?"

Nimetuma boda Walukuba azilete. Magid ameingia garini kwake, amewasha. Ameteremsha kioo, anaita: Jamil, twende. Jamil analegeza nati ya kwanza. Magid anaita tena, sasa kwa jina lake na la baba yake. Watu wa duka la jirani wametoka kutazama. Nati ya pili. Mkwe wangu hajageuka; naweka kalamu nikamshikie gurudumu.