Bahasha ya Msiba Ilikuwa Imejaa

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi nipokee hivyo hivyo, naomba unisaidie maana nimebeba kitu ambacho siwezi kumwambia mume wala mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi hapa Mbugani, Kyela, mume wangu Hezroni ni fundi ujenzi yuko Tunduma, kila mwisho wa mwezi ananitumia pesa kwenye simu na mimi naenda kwa wakala natoa yote, kwa sababu kwenye kikundi chetu cha akina mama wa kanisani tulifundishwa kwamba pesa ikikaa kwenye simu inayeyuka, basi naigawa kwenye bahasha za kaki, nimeziandika CHAKULA, KODI, SHULE, MATIBABU, MSIBA, na sheria ni moja tu, bahasha ikiisha imeisha, hakuna kuchomoa kwa mwenzake.

Kwetu msiba si jambo la siku moja, watu wanakuja, wanalala, wanakula, ng'ombe anachinjwa, na anayetazamwa ni mtoto wa kwanza wa kiume, ambaye kwao ni Hezroni. Mwaka juzi alipofariki baba mkwe hatukuwa na kitu, Hezroni alikopa mchele dukani watu wakimwona, maneno hayajaisha mpaka leo, na tuliporudi nyumbani akaniambia, "Mama Gift, hiyo ya msiba hata tukilala njaa usiiguse." Sikuigusa, ikanenepa kuliko zote, ikafika laki tatu na elfu kumi.

Sasa mwezi wa nne, siku ya Ijumaa, mvua zimekolea, wifi yangu Kisa akanipigia kutoka Busale, yeye ndiye aliyekuwa akikaa na mama mkwe, akasema, "Wifi, mama anahema kwa shida, zahanati wameandika twende hospitali, tusaidieni hata elfu sitini ya bajaji na ya kuanzia, na kaka mwambie." Nikafungua ya matibabu nikakuta elfu nne, maana Gift alikuwa ametoka kuumwa malaria. Mshauri, sikufichi, niliishika ile ya msiba, nikahesabu elfu sitini nikaziweka kitandani, kisha nikawaza, mtu yuko hai unamtibu kwa pesa ya msiba, si ni kumwitia kifo? Na maneno ya Hezroni nikayakumbuka. Nikazirudisha. Nikamwambia Kisa, "Wifi, humu ndani hamna kitu, vumilieni mpaka Jumatatu, kaka yako atatuma." Akasema, "Ndaga, wifi." Alinishukuru, mshauri, na Hezroni sikumpigia, nilijiambia anashinda juu ya jukwaa la ujenzi, nisimtie mawazo akaanguka.

Mama alifariki Jumapili mchana. Tukaifungua bahasha, ikatoa jeneza, mchele, sukari, na mchango wa ng'ombe, kila kitu kikatosha. Baba mdogo Aliko akasimama mbele ya watu akasema, "Hezroni, umeoa. Huyu mwanamke ametusitiri." Jioni ile ile Hezroni akamgeukia dada yake, akamwambia, "Mama ameumwa mpaka amekata roho, hata simu moja hukunipigia?" Kisa akaniangalia. Nikatazama chini. Hakunitaja, na Hezroni hajaongea naye tangu siku hiyo, sasa ni miezi mitatu.

Sasa akina mama wa kikundi wanataka niwafundishe habari ya bahasha, wanasema mimi ndiye mfano, na Hezroni anarudi mwisho wa mwezi. Nikimwambia atanifukuza na watoto hawa, nisipomwambia silali wala chakula hakipiti. Nifanyeje?

Mama Gift, Mbugani

JIBU

Mama Gift, pole kwa kufiwa. Pole hiyo ni ya kweli, lakini ni hiyo moja tu, maana kuna mengine ya kusema.

Umeniandikia barua ndefu. Umeniuliza kama umwambie mume na umeniuliza kama utafukuzwa. Hujaniuliza hata mara moja habari za Kisa. Mwanamke aliyemwogesha mama yake mgonjwa, aliyekupigia simu, aliyekushukuru uliponyima, ameachwa na kaka yake kwa kosa lako, na amefunga mdomo ili ndoa yako isivunjike. Amekulipia miezi mitatu. Aibu hiyo ibebe mwenyewe, usiniletee mimi niipunguze.

Bahasha hazina dhambi. Kugawa pesa ni akili nzuri, na nyumba nyingi zingepona kwa utaratibu wako. Ila sheria ile iliwekwa ili kuuzuia mkono wako usiende kwenye vitenge na soda, haikuwekwa kumzuia mgonjwa asipande bajaji. Hofu ya kumwitia mtu kifo naielewa. Mama yangu hakuruhusu kipande cha sanda kilale ndani ya nyumba yenye mgonjwa. Lakini jikague vizuri. Nadhani uliogopa zaidi maneno ya watu msibani kuliko ulivyoogopa kumkosa mama mkwe, na si wewe peke yako. Huku kwetu tunamwacha mtu aumwe kwa elfu nne, kisha tunamzika kwa laki tatu na tunapongezana.

Kama angepona, mimi sijui na wewe hujui. Usianze kuzunguka kwa manesi ukitafuta wa kukwambia kwamba siku zake zilikuwa zimefika. Huo ni ujanja wa kutafuta usingizi. Unalolijua linatosha: uliombwa, ulikuwa nazo, ukasema hamna.

Basi nisikilize. Kabla Hezroni hajarudi, nenda Busale kwa Kisa. Usitume ujumbe, nenda mwenyewe. Mwambie yote, na mwambie kwamba unakwenda kumwambia kaka yake, humwombi ruhusa wala msaada. Akikutukana, nyamaza. Akikukaribisha chakula, kula.

Hezroni usimwambie kwa simu, jukwaa ni jukwaa kweli. Akifika, mwache aoge, apumzike, watoto wapeleke kwa jirani, kisha mweleze kama ulivyonieleza mimi: Ijumaa, simu, elfu sitini kitandani, uongo. Usianze na "wewe ndiye uliyesema nisiiguse." Alisema, ni kweli, na atalikumbuka mwenyewe bila kusukumwa, na litamuuma kuliko lako. Siku ukimpiga nalo, mtakuwa wawili msioongea. Baba mdogo Aliko naye ahudhurie kesho yake. Alikusifu mbele ya watu, basi na hili alisikie kutoka kinywani mwako, na kama mambo yatachafuka, awe hapo.

Kufundisha akina mama, hapana. Waambie bado. Ukishamaliza ya nyumbani, ukitaka kuwafundisha, wafundishe na hili, ama sivyo kaa kimya. Na kuanzia mwezi huu ya matibabu ijazwe kwanza kabla ya zote, na juu ya ile ya msiba andika kwa mkono wako: aliye hai anaruhusiwa kukopa humu. Hezroni naye aandike jina lake chini.

Anaweza kukufukuza. Siwezi kukuahidi vinginevyo, sijalala nyumbani kwenu. Anaweza pia kukaa kimya wiki nzima, na kimya hicho utakivumilia, kwa sababu Kisa amevumilia zaidi ya hapo na hakuwa na kosa.

Mama mkwe wako humrudishi. Kisa bado unaweza kumrudishia kaka yake, na nauli ya Busale unayo.