Fomu ya Adama

Marshalltown, Jumanne 14 Machi 2017

Nimeharibu fomu ya watu. Mimi, niliyejitolea kuijaza kwa kuwa eti ndimi msomi!

Ni ya Adama, fundi tunayeshona naye meza moja. Kibali chake cha ukimbizi kinaisha wiki hii. Nilishika kalamu, nikakunja uso kama afisa wa uhamiaji. "Nchi yako?"

"Nilizaliwa Côte d'Ivoire." Nikaandika.

"Lakini vita vilipoanza, majirani walituambia pale si kwetu, turudi Burkina Faso." Nikakata, nikaandika Burkina Faso.

"Huko sijawahi kuishi, Mama Neema. Babu ndiye aliyetoka huko. Wafaransa walimkamata wakampeleka kulima kakao."

Nikakata tena. Karatasi ikachanika.

"Eish, Adama! Mtu mzima na mvi zako hujui kwenu?"

Hakukasirika. Alikata uzi kwa meno. "Na wewe Mama, kwenu wapi?"

"Bukavu!" nilijibu kwa majivuno, kana kwamba nimefaulu mtihani.

Sasa naona aibu. Bukavu niliondoka miaka kumi na tano iliyopita. Suruali ya Baba Neema, aliyoniachia nimpunguzie kiuno, bado imetundikwa nyuma ya mashine yangu. Jumapili nilimwambia Neema, "Vaa viatu, twende kwetu," na mtoto hakuuliza wapi. Tulikwenda makaburini kwa baba yake.

Kesho nitapanga foleni na Adama tuombe fomu nyingine. Safari hii kalamu atashika yeye.